Anayepinga Ainuke

Palikuwa na nchi, na nchi yenyewe siitaji. Si kwamba naogopa. Niogope nini, mimi ambaye sijawahi kusema neno? Siitaji kwa sababu jina lake hubadilishwa kila mkubwa anapoota ndoto, na sipendi msomaji ahangaike kulitafuta kwenye ramani ya jana. Jueni tu kwamba ilikuwa nchi ya amani nyingi, amani ya kulazimishana, na kwamba kila mtaa ulikuwa na mwenyekiti, muhuri, na bango la mkubwa akicheka.

Tatizo la nchi ile lilikuwa moja: watu walikuwa wakisema. Ukiitishwa mkutano wa mtaa kuzungumzia mtaro, mwenye nyumba atasema, mpangaji atasema, mama ntilie atasema, hata kichaa wa sokoni atasema, na mara nyingi ndiye atakayesema la maana. Mkutano ulianza asubuhi ukaisha jua likizama, na mtaro ukabaki palepale na maji yake ya kijani. Serikali ikaona haiwezekani. Ikaunda Wizara ya Utulivu wa Mitaa, ikamkabidhi Mheshimiwa Daktari Bandawe, mtu mwenye kitambi cha heshima na sauti ya kuongelea ndani ya pipa, ajibu swali moja tu: ni nani hasa mwenye haki ya kusema juu ya mambo ya mtaa?

Waziri alijaribu, asilaumiwe. Kwanza alisema wenye nyumba tu. Wenye nyumba wakagombana kuliko wapangaji. Akasema wenye nyumba zenye bati jipya. Mara mabati yote ya nchi, hata yenye matundu, yakapakwa rangi. Akasema wanaume wenye ndevu, na mkaa ukaadimika madukani kwa ajili ya kupaka videvu. Akasema basi, waliozaliwa mtaani, na kila mtu akaja na bibi yake kuonyesha mgomba kitovu chake kilipozikwa.

Ndipo siku moja Waziri akaenda msibani. Alifuata pilau, lakini Mungu humpa mja wake hekima popote. Msemaji wa familia akasimama, akajifuta jasho, akasema yale wanayosema wasemaji wa familia wote: "Ndugu zangu, sisi hapa duniani ni wapita njia. Mwenzetu ndiye aliyefika." Watu wakaitika, wakalia kidogo, wakatupa jicho kwenye masufuria. Waziri peke yake ndiye aliyesikiliza. Akaweka kijiko chini.

"Wapita njia!" alimnong'oneza katibu wake. "Toka lini mpita njia akapanga mambo ya nyumba anayoipita?"

Hata matanga hayajaanuliwa, sheria ikatoka: Sheria ya Wakazi wa Kudumu. Kwa mujibu wake, aliye hai ni mpita njia. Leo yupo, kesho kahamia kwa shemeji yake. Mkazi wa kudumu wa mtaa ni yule aliyezikwa humo. Yeye hahami, halalamiki, hapigi kelele. Basi mwenye kauli ni yeye. Mikutano yote ya mitaa ikahamishiwa makaburini, na walio hai wakaruhusiwa kuhudhuria wakiwa wamesimama nje ya uzio, midomo imefungwa, kwa heshima ya wenyeji.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Karani alisimama katikati ya makaburi, akasoma pendekezo la Serikali, kisha akauliza kwa sauti: "Anayepinga ainuke." Halafu alisubiri. Serikali ile ilikuwa ya haki, kwa hiyo karani alisubiri kweli, akitazama kushoto na kulia, na kulikuwa na kiti cha akiba kwa ajili ya atakayeinuka amechoka. Hakuinuka mtu. Karani akaandika kwamba wamekubali wote. Mikutano iliyokuwa ikila siku nzima sasa iliisha kabla chai haijapoa, na wageni wakawa wanatoka nchi za mbali kuja kujifunza.

*

Mtaa wa Mwambani ulikuwa na mawe kila mahali na maji mahali pamoja. Mahali hapo palikuwa kisima cha Lugendo. Lugendo alikichimba kwa nyundo na tindo, watu wakimcheka kwamba anatafuta njia ya mkato ya kwenda kuzimu. Siku maji yalipotoka alikaa juu ya kifusi akalia kama mtoto. Baadaye vumbi la yale mawe likamuua kwa kifua, naye akazikwa palepale mtaani. Mkewe, Nyamizi, alibaki na kisima na kikohozi, kwani yeye ndiye aliyekuwa akivuta ndoo za kifusi kutoka chini. Mtoto hakujaliwa. Akiulizwa watoto wake wako wapi, alionyesha foleni ya watu kisimani.

Asubuhi moja gari la matangazo lilipita. "Wananchi wapita njia, mnaarifiwa!" Dampo la jiji zima lingehamishiwa Mwambani, penye kisima, kwa sababu pale tayari pana shimo, na kuchimba shimo jingine ni ubadhirifu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akimimina maji aliendelea kumimina, ndoo ikafurika, asiione.

Nyamizi hakumaliza kuchoma vitumbua vyake. Aliepua chuma, akajifunga kanga vizuri, akaenda ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa, Bwana Ukwaju. Zamani Ukwaju alikuwa mtoto wa kuning'inia kwenye banda lake akisubiri kitumbua kilichoungua. Siku hizi alikuwa na kofia.

"Shikamoo, mama," alisema Ukwaju, maana adabu hakuipoteza. "Unapitaje?"

Ndiyo iliyokuwa salamu rasmi ya siku zile, na jibu lake lilikuwa "Napita salama." Nyamizi hakulitoa.

"Marahaba. Sikuja kupita, nimekuja kusema. Dampo lisije kisimani. Watu watakunywa nini?"

"Mama, wewe ni mpita njia."

"Nimepita hapa tangu wewe unatembea uchi, makamasi yanakufika kidevuni."

"Unapita polepole, sikatai. Lakini unapita. Tena usiwe na wasiwasi, familia yenu ina mwakilishi. Marehemu mzee Lugendo ni mkazi wa kudumu, tena wa kupigiwa mfano. Tangu sheria ianze hajapinga hata jambo moja."

Nyamizi akashika ukingo wa meza. "Lugendo? Lugendo huyu wangu, aliyebishana na mfungisha ndoa siku ya harusi yetu?"

"Kifo humkomaza mtu, mama."

Alitaka kucheka, kikohozi kikamuwahi. Alikohoa mpaka Ukwaju akamletea maji katika kikombe. Yalikuwa maji ya kisima cha Lugendo. Wote wawili walijua, na Ukwaju akatazama pembeni.

"Mimi naambiwa tu," alisema kwa sauti ya chini, amevua kofia. "Kesho kuna usomaji wa kwanza makaburini. Wa pili ni Ijumaa, na Waziri mwenyewe atakuja. Usomaji wa pili umewekwa kwa ajili ya waliochelewa."

"Waliochelewa wapi?"

"Kufa," alisema Ukwaju. "Sheria haibagui, mama. Marehemu mpya ana haki sawa na wa zamani. Na akiwa ameacha wosia juu ya jambo lenyewe, unasomwa na unafuatwa. Wosia wa maiti haupingwi, si ndiyo mila yetu? Akikataa mmoja tu, jambo limekufa. Walioandika kifungu hicho hawakutegemea kwamba kuna atakayekitumia."

*

Usomaji wa kwanza ulikwenda kama ilivyotarajiwa. Nyamizi alisimama nje ya uzio, macho yake kwenye kaburi la mumewe, lile lenye jiwe jeusi alilolitoa mwenyewe kisimani. Karani akasoma habari za dampo, akasifia harufu yake ya maendeleo, akauliza: "Anayepinga ainuke."

"Inuka basi, mume wangu," Nyamizi alinong'ona. "Maisha yako yote ulikuwa hukaliki mtu akisema upuuzi."

Nyasi za juu ya kaburi zikatikisika. Mtaa mzima ukashika pumzi. Akatoka mjusi, akamtazama karani, akaenda zake. Karani, ambaye tayari alikuwa ameshika kiti, alikirudisha chini, akaandika kwamba wamekubali wote.

Habari ya wosia, hata hivyo, ilikuwa imeshavuja. Ukwaju alimwambia mkewe, na ukimwambia mke wa Ukwaju umeutangazia mji. Tangu hapo Nyamizi akapendwa kupita kiasi. Waliokuwa wakimpita bila salamu walisimama kumpa pole ya kikohozi. Akisema hajambo kidogo, nyuso zilisinyaa. Akikohoa vizuri, kwa kuvuta kutoka chini kabisa, watu walipeana macho yenye matumaini. Fundi cherehani wa mtaa alikuja kumpima mabega na urefu, akasema anamshonea gauni jeupe la zawadi. Nyamizi alimuuliza mbona hapimi mikono. Fundi akasema mtindo wa siku hizi hauna mikono.

Lakini aliyekuja kuliko wote alikuwa Mwasiti, jirani yake wa ukuta mmoja na shoga yake tangu ujana. Wahenga walisema heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, na hawa wawili walikuwa wameazimana chumvi, wameuguzana homa, wamezikiana waume. Mwasiti alileta supu asubuhi, akaleta supu jioni. Alikaa kwenye mkeka akimtazama Nyamizi anavyokunywa, na kila bakuli lilipoisha alishusha pumzi, isijulikane ni kwa furaha au kwa majonzi.

"Mwasiti," Nyamizi alisema hatimaye, "mnaniombea nife?"

"Toba yarabi! Nani akuombee kufa, shoga?" Mwasiti aliruka kana kwamba amekanyaga kaa la moto. Halafu akakaa tena, akaanza kuchezea pindo la kanga. "Ila kama ni kufa, maana sote tutakufa, basi ingekuwa vizuri isiwe baada ya Ijumaa."

Mwasiti akaangua kilio, kilio cha kweli kisicho na unafiki ndani yake. "Nina wajukuu wamejaa mle ndani, Nyamizi. Uchafu wa mji mzima ukimwagwa kisimani watakunywa nini? Niambie wewe, watakunywa nini?"

Nyamizi alikasirika. Alikasirika hadi akalisukuma bakuli. Alimkasirikia Mwasiti, akamkasirikia Lugendo kwa kufa mapema na kunyamaza hivyo, akaikasirikia supu yenyewe kwa kuwa tamu. Kisha akasikia kamba ya kisima ikikwaruza nje, sauti aliyoizoea kuliko sauti yake, na hasira ikapungua ikabaki huzuni. Hakutaka kufa. Alitaka kuishi pale pale, akohoe, achome vitumbua, na watu wachote maji. Hakuona kwamba ni mengi.

"Sheria inasema anayepinga ainuke," alisema polepole. "Haisemi ameingiaje humo ndani. Nichimbieni kaburi kando ya mume wangu. Ijumaa nitalala humo kabla Waziri hajafika. Karani akiita, nitainuka mimi."

Mwasiti alimkumbatia mpaka supu ikamwagika.

*

Wanaume wa mtaa walichimba kwa moyo. Mwambani pana mawe, koleo haliwezi peke yake, kwa hiyo waliazima nyundo na tindo za Lugendo, na Nyamizi mwenyewe akazitoa mvunguni. Alhamisi alikwenda kuangalia kazi. Akachungulia, akarudi nyuma.

"Mbona refu hivi? Mimi si wa kuzikwa, ni wa kuinuka."

"Ili waamini, mama," alijibu mmoja kutoka ndani, bila kuacha kupiga tindo. "Waziri anayajua makaburi."

Ijumaa asubuhi walimteremsha kwa shuka, taratibu, mmoja akishika kichwa na mwingine miguu, kama wanavyoteremshwa wengine. Alikuwa amevaa lile gauni jeupe. Mwasiti alitaka kumfunika uso, Nyamizi akakataa. Alilala chali akatazama kipande cha mbingu, ubavu wake ukigusa mwamba, akawaza kwamba upande wa pili wa mwamba huo yumo Lugendo, na kwamba kama kweli kifo kimemkomaza basi hatamtambua. Wakaondoka, wakaenda kusimama nje ya uzio na wapita njia wenzao.

Waziri aliwasili kwa msafara wa magari, na walinzi, na wapiga ngoma. Akapanda jukwaani, akafungua kifungo cha koti, sauti ikatoka katika pipa lake.

"Wakazi wa kudumu, hamjambo!" Akasubiri. "Kimya chenu ni afya ya Taifa. Nchi nyingine zinasumbuka na raia wanaotaka hiki na kile. Nyinyi hamjaomba barabara, hamjaomba zahanati, hamjaomba hata kivuli. Nawaambia hawa waliosimama uziani: igeni mfano! Kufa kufaana, walisema wazee. Tangu mpewe kauli, ndugu marehemu, Serikali haijapata upinzani hata wa kikohozi!"

Ndani ya kaburi Nyamizi alikuwa ameuma pindo la gauni, akikizuia.

Karani akasoma pendekezo. Akakunja karatasi. "Anayepinga ainuke."

Nyamizi akainuka. Kaburi lilikuwa refu, hivyo kilichotokea juu ya ardhi kilikuwa kichwa tu, na shingo kidogo, na mkono mmoja mweupe wa vumbi. "Napinga!" akasema, na kile kikohozi alichokizuia kikatoka chote.

Wapiga ngoma walitupa ngoma. Walinzi waliruka uzio. Waziri alikuwa wa kwanza kuingia ndani ya gari, ingawa halikuwa gari lake. Karani, mtu wa utaratibu, alikileta kile kiti cha akiba, akakiweka kando ya kaburi, akauliza jina.

"Nyamizi, mke wa Lugendo aliyechimba kisima," alisema. Sasa hakukohoa. "Napinga dampo. Nilivuta kila ndoo ya kifusi cha kisima kile, mpaka kifua changu kikaoza. Sikudai shukrani na sidai leo. Ninyi mnaokuja na magari mnakunywa maji ya chupa. Hawa wana kisima kimoja tu, na mkikifukia kwa takataka mtawafuata kuwahesabu wakiwa huku nilipo mimi. Nimemaliza."

Nje ya uzio, watu waliokatazwa kufungua midomo walilia kwa midomo iliyofungwa. Nyamizi aliwaona, moyo wake ukajaa. Hakukumbuka kama aliwahi kufurahi hivyo tangu siku maji yalipotoka.

Waziri alishuka garini, akajifuta, akasogea hadi ukingoni. Alimtazama kwa muda, kisha uso wake ukang'aa kama siku ile ya pilau.

"Mama, unapumua?"

"Napumua, na nitaendelea."

"Basi ndugu zangu, mmeona wenyewe," alisema Waziri, akiugeukia uzio. "Ameinuka kweli na amepinga kweli. Lakini aliyeinuka yu hai, na aliye hai ni mpita njia, na mpita njia hana kauli. Angekuwa mkazi wa kudumu asingeinuka." Katibu wake akapiga makofi. "Hata hivyo Serikali yenu haina roho mbaya. Karani, umeyaandika maneno yake?"

"Kwa penseli, Mheshimiwa."

"Vizuri. Maneno hayo ni wosia, na wosia hatuupingi. Dampo litasimamishwa mara tu msemaji atakapokuwa mkazi wa kudumu, mradi iwe kabla kikao hakijafungwa. Nami nitakifunga nikimaliza soda yangu." Akaletewa soda ya baridi na mrija, akakaa kwenye kile kiti cha akiba. "Wafiwa, kama wapo, wanaruhusiwa kuingia ndani ya uzio."

Ukwaju akafungua lango. Alikuwa ameinamisha kichwa, kofia mkononi.

Watu wakaingia wakitembea polepole, bila kutazamana. Nyamizi aliwaona wakija, akaona fundi cherehani, akaona wachimbaji na makoleo yao, na Mwasiti mbele. Wamekuja kunitoa, aliwaza, maana hakukuwa na ngazi, na mwamba ulikuwa laini walivyouchonga. Wakasimama kuzunguka ukingo, karibu na rundo la udongo.

"Mnangoja nini? Nishikeni mkono, nitoke. Miguu inaniuma."

Ilisikika soda ikipanda kwenye mrija, ikashuka, ikapanda tena.

"Mwasiti, shoga yangu. Nipe mkono."

Mwasiti akapiga magoti ukingoni. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye kanga. "Utusamehe, Nyamizi," alisema. "Kama tulikukosea, utusamehe."

Nyamizi aliyajua maneno yale. Aliyasema yeye mwenyewe pale pale, siku ya Lugendo. Haambiwi hivyo mtu anayeweza kujibu. Hata hivyo aliunyoosha mkono wake juu kadiri ulivyofika, vidole vimefunguka. Mwasiti naye akaunyoosha wake, ukapita pembeni, ukafika kwenye lile rundo, na uliporudi ulikuwa umejaa udongo.